Maswali ya Wasomaji: Uso Mmoja, Chupa Tano

Barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: krimu, jeli na seramu zenye viambato vikali zinaweza kupakwa pamoja bila kuidhuru ngozi? Mfamasia wetu anajibu. Tumefupisha barua ndefu na kubakiza herufi za kwanza za majina ya walioandika.

Swali: Daktari, mimi ni karani hapa Nakuru. Tangu nikiwa chuoni nimekuwa na chunusi zinazoacha madoa meusi mashavuni. Baada ya kutazama video nyingi niliagiza kwa simu seramu ya vitamini C, seramu ya niasinamaidi, tona ya asidi ya glaikoliki, krimu ya retinoli na jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 10. Kila jioni nimekuwa nikizipaka zote, moja juu ya nyingine. Sasa uso unachonyota hata nikinawa kwa maji matupu, ngozi inabambuka kando ya pua, na madoa yamezidi weusi. Nizipange kwa utaratibu gani? — W.N., Lanet

Jibu: Dada W.N., utaratibu nitakupa, lakini si wa leo. Leo zifungie chupa zote tano kabatini. Uso unaochonyotwa na maji matupu umeharibika tabaka lake la juu, lile linalozuia unyevu wa ngozi usitoke na vitu vya nje visiingie, na hakuna mpangilio wowote wa dawa utakaoufaa kabla tabaka hilo halijajijenga upya. Kwa wiki mbili, na ikibidi wiki nne, nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya uso isiyo na manukato, jipake losheni nzito au mafuta ya mgando ya kawaida ngozi ikiwa bado na unyevu, na asubuhi uongeze krimu ya kukinga jua. Sabuni ya mche isiguse uso wako. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu ukizidi) ya karibu 5, ilhali sabuni hiyo huwa na pH ya 9 hadi 10, na kwa uso uliokwisha kuchubuka tofauti hiyo ni kubwa mno.

Watu wengi hudhani hatari ya kuchanganya viambato ni kwamba vitapigana na kuzua sumu juu ya ngozi. Hilo ni nadra. Hatari iliyokupata wewe ni mwasho unaojumlika: kila kiambato peke yake ngozi ingekivumilia, lakini vinne kwa usiku mmoja vimeizidi nguvu. Na kwa sisi wenye ngozi nyeusi mwasho una gharama ya ziada, kwa sababu seli zinazotengeneza rangi ya ngozi zikisumbuliwa na uvimbe wa aina yoyote, uwe wa chunusi, wa kuungua au wa dawa yenyewe, humwaga rangi zaidi mahali pale. Ndiyo maana dawa uliyoinunua ifute doa imelikoleza. Ukilielewa hili, mashauri mengine yote utaweza kuyapima mwenyewe.

Tazama ulichokuwa ukikifanya. Asidi ya glaikoliki huzilegeza seli zilizokufa juu ya ngozi ili zibambuke. Retinoli, kwa njia tofauti, huharakisha ngozi kujitengeneza upya, na matokeo yake nayo ni kubambuka. Benzoili peroksaidi huua bakteria wa chunusi na kukausha. Vitamini C halisi, yaani asidi ya askobiki, hailipenyi tabaka la juu vizuri isipokuwa pH yake iwe chini ya 3.5, kwa hiyo nayo ni asidi ya kweli. Kati ya chupa tano, ni niasinamaidi pekee, aina ya vitamini B3, iliyokuwa upande wa ngozi yako.

Ngozi ikishatulia, yaani ukiweza kunawa na kupaka losheni wiki nzima bila kuhisi chochote, rudisha kiambato kimoja kimoja na ukipe kila kimoja angalau wiki mbili kabla ya kuongeza kingine, ili jambo likiharibika ujue wa kulaumiwa ni nani. Anza na niasinamaidi asubuhi. Asilimia 4 au 5 inatosha, hata kama maduka yanashindana kuuza 10. Kisha retinoli usiku, mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Chukua kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, usubiri ngozi ikauke kabisa baada ya kunawa, na upake losheni kabla yake na baada yake. Kando ya pua, pembe za midomo na kope zipake mafuta ya mgando kwanza, kwa maana retinoli hutambaa na kujikusanya huko. Baada ya wiki nne hadi sita, kama hakuna shida, ongeza usiku wa tatu.

Vitamini C, ukiitaka, ni ya asubuhi, chini ya krimu ya kukinga jua. Tona ya glaikoliki unaweza kuirudisha usiku mmoja kwa wiki, usiku ambao hukupaka retinoli, lakini kusema kweli mimi singeirudisha, kwa kuwa retinoli inakufanyia kazi inayokaribiana nayo. Ile jeli ya asilimia 10 iache kabisa. Utafiti ulishaonyesha miaka mingi iliyopita kwamba benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 hupunguza chunusi zilizovimba karibu sawa na ya 10, huku mwasho wake ukiwa mdogo kuliko wa hiyo ya 10. Sijui kwa nini wanunuzi wetu huamini kwamba nambari kubwa ndiyo dawa.

Jambo la mwisho kwako ni mahali unapoishi. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na haifiki hata nusu digrii kutoka ikweta, na mionzi mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Baridi ya Julai hukudanganya kwamba jua halipo. Bila kinga ya jua ya SPF (kipimo cha nguvu ya kukinga jua) 30 au zaidi kila siku, retinoli na glaikoliki zitaifungua ngozi yako kwa jua hilo, na madoa hayatakwisha. Usipime mafanikio kabla ya wiki 12.

Swali: Je, ni kweli kwamba niasinamaidi na vitamini C hubatilishana zikipakwa pamoja? — J.M., Kakamega

Jibu: Si kweli. Dhana hiyo ilitokana na majaribio ya zamani ya maabara ambamo viambato hivi vilichanganywa kwa joto kubwa na kwa namna ambazo hazifanani na krimu za leo. Joto la ngozi yako halifiki huko. Zipake zote mbili asubuhi, ile nyepesi ikitangulia. Ukiona uso umekuwa na joto na wekundu wa kupita, zitenge: moja asubuhi, nyingine jioni.

Swali: Hujambo, Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa Maseno na nyumbani ni Kondele. Kliniki imeniandikia jeli ya adapalini ya asilimia 0.1 usiku, benzoili peroksaidi ya asilimia 5 asubuhi, na vidonge vya doksisaiklini. Rafiki yangu anasema benzoili peroksaidi huua nguvu ya dawa zote za jamii ya retinoli, kwa hiyo nachezewa. Tena taulo langu la buluu limepata mabaka meupe. — O.O., Kisumu

Jibu: Sijambo, kijana. Rafiki yako amesikia nusu ya habari. Tretinoini, dawa ya jamii hiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1971, huvunjwavunjwa na benzoili peroksaidi ikipakwa nayo wakati mmoja, na mwanga huongeza uharibifu huo, kwa hiyo zile mbili hutenganishwa. Adapalini ilikuja baadaye na muundo wake ni imara zaidi, hata ipo jeli ya tyubu moja inayouzwa ikiwa na adapalini ya asilimia 0.1 na benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 pamoja. Aliyekuandikia moja usiku na nyingine asubuhi amekupunguzia mwasho, basi. Hakuchezei.

Tena ipo sababu nyingine ya benzoili peroksaidi kuwa kwenye karatasi yako. Ukitumia kiuavijasumu peke yake kwa chunusi, kama doksisaiklini ya kumeza au klindamaisini ya kupaka, bakteria hujifunza kukihimili, na miezi michache baadaye dawa inakuwa kama maji. Benzoili peroksaidi huwaua kwa oksijeni, na hiyo hawajapata njia ya kuizoea. Kwa hiyo usiiache eti kwa sababu vidonge vinakutosha.

Doksisaiklini yenyewe ina masharti. Imeze kwa bilauri nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa angalau nusu saa, la sivyo itakuunguza koo. Usiimeze pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia. Huifanya ngozi iungue upesi juani, jambo ambalo wanaoinywa kujikinga na malaria wanalijua, na kwako wewe jua, adapalini na kidonge hicho ni watatu wanaosukuma upande mmoja. Kwa kawaida haitumiwi kwa chunusi zaidi ya miezi mitatu au minne, kwa hiyo uliza tarehe ya kurudi kliniki kama hukupewa.

Taulo limepauka kwa sababu benzoili peroksaidi huondoa rangi kwenye nguo. Nunua taulo jeupe na foronya nyeupe, na acha jeli ikauke kabla ya kuvaa fulana. Usiongeze sabuni ya uso yenye asidi ya salisiliki katika wiki hizi za kwanza. Usiku wa siku uliyonyoa ndevu ruka adapalini. Chunusi zikiongezeka kidogo katika mwezi wa kwanza vumilia. Zikiwa mabonge yenye maumivu yanayoacha mashimo, usingoje tarehe.

Swali: Mimi ni mama wa miaka 46 na ninauza nguo sokoni Bungoma. Kwa miaka miwili nimejipaka krimu inayochanganywa na kutiwa katika kopo lisilo na maandishi. Mwanzoni uso ulitakata. Siku hizi mishipa myekundu inaonekana mashavuni, nina vipele vidogo vingi, na juu ya mashavu pamekuwa na rangi ya kijivu inayoelekea buluu. Nikiacha siku mbili, uso unavimba na kuwasha vibaya, kwa hiyo narudia. Binti yangu ameniletea retinoli na asidi ya salisiliki nichanganye na hiyo krimu. Ni salama? — Mama N., Bungoma

Jibu: Mama, si salama, na nakuomba usiongeze chochote kati ya hivyo viwili. Kiambato kinaweza kuunganishwa na kingine pale tu ambapo vyote viwili vinajulikana. Kopo lako halijulikani, ila uso wako umeshatueleza sehemu ya yaliyomo.

Mishipa inayoonekana, vipele vidogo na uvimbe unaorudi kila ukiacha ni dalili za steroidi kali, pengine klobetasoli au betamethasoni. Hizi ni dawa halali za ukurutu na magonjwa mengine ya ngozi, zinazotolewa kwa muda mfupi. Zikipakwa usoni kwa miaka huikondesha ngozi na kuifanya iwe tegemezi. Rangi ya kijivu na buluu juu ya mashavu hunitia shaka ya okronosisi, hali inayoletwa na haidrokwinoni iliyotumiwa kwa muda mrefu. Ni moja ya mizaha mibaya ya biashara hii: krimu ya kung'arisha hugeuka kuwa krimu ya kutia weusi usiofutika kwa urahisi, na kadiri mtu anavyoongeza ndivyo unavyokolea. La tatu halionekani kwa macho, nalo ni zebaki. Zebaki hupenya ngozi na kuumiza figo na neva, na hainuki wala haiwashi. Haidrokwinoni na zebaki haziruhusiwi katika vipodozi nchini Kenya, na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, umezitaka nchi wanachama ziondoe vipodozi vyenye zebaki.

Fanya hivi. Lifunge kopo katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uliweke mbali na watoto, kisha ulichukue kama lilivyo uende nalo kliniki ya ngozi au hospitali ya rufaa ya kaunti. Usilitupe, kwa kuwa ndilo ushahidi pekee wa ulichokuwa ukipaka. Mweleze daktari miaka miwili hiyo bila kuona haya, maana wauguzi na madaktari wameyaona haya mara nyingi kuliko unavyodhani. Omba upimwe mkojo na figo. Usiache ghafla peke yako nyumbani, kwa sababu ule uvimbe utarudi na utakurudisha kwenye kopo. Daktari anaweza kukupunguzia hatua kwa hatua kwa dawa dhaifu zaidi, huku ukipaka mafuta ya mgando tu. Miguu ikivimba, mkojo ukawa na povu jingi au mikono ikatetemeka, nenda siku hiyo hiyo. Taulo na foronya ulizotumia usiwape watoto, kwani zebaki huhama kutoka kwa mtu hadi kwa mtu kwa njia hiyo.

Retinoli na asidi ya salisiliki juu ya ngozi iliyokondeshwa na steroidi zingekuunguza. Mwambie pia binti yako, kwa kuwa wasichana hugawana tyubu: benzoili peroksaidi ikipakwa juu ya krimu yenye haidrokwinoni huacha waa jeusi kwenye ngozi. Waa hilo hutoka dawa hizo mbili zikitenganishwa na ngozi ikisafishwa, lakini humtia mtu hofu kubwa.

Sina ugomvi na anayetafuta riziki sokoni. Lakini kipodozi kisicho na orodha ya viambato, jina la mtengenezaji wala alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, hakifai kuuziwa mtu, hata kikisifiwa na jirani. Na ukiona neno kalomeli au herufi Hg kwenye orodha, hiyo ni zebaki.

Swali: Nina mimba ya miezi mitatu na nimekuwa nikijipaka tretinoini kwa madoa. Nimeingiwa na hofu. — A.K., Mumias

Jibu: Iache leo, pamoja na retinoli na adapalini, lakini usikose usingizi. Kiasi cha tretinoini kinachoingia mwilini kupitia ngozi ni kidogo sana, na katazo hili ni la tahadhari. Vidonge vya isotretinoini ndivyo vinavyojulikana kuleta ulemavu mkubwa kwa mtoto tumboni, na hivyo si ulivyotumia. Mweleze mkunga wako katika ziara ijayo.

Badala yake tumia asidi ya azelaiki, ya asilimia 10 hadi 20, mara moja kisha mara mbili kwa siku. Hutibu chunusi na madoa kwa pamoja na inahesabiwa kuwa salama katika ujauzito. Inaweza kuwasha kidogo wiki za kwanza. Niasinamaidi na vitamini C havina tatizo. Haidrokwinoni iepuke, kwa sababu huingia mwilini kwa wingi, na doksisaiklini usiimeze.

Swali: Ninauza samaki Dunga. Ngozi nyeusi inahitaji krimu ya jua kweli? Niliyonunua iliniacha mweupe kama majivu. — P.A., Kisumu

Jibu: Inahitaji, hasa ukiwa unapaka asidi au retinoli. Ngozi nyeusi ina kinga ya asili inayokadiriwa kuwa sawa na SPF 13, ambayo hupunguza sana kuungua lakini haitoshi kuzuia madoa, kwa kuwa hata mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho hukoleza madoa ya ngozi nyeusi. Weupe ule hutokana na oksidi ya zinki na titani. Tafuta krimu yenye rangi ya hudhurungi iliyotiwa oksidi ya chuma: haiachi majivu, na huzuia mwanga huo ambao krimu nyingi nyeupe hazizuii. Kiasi cha uso na shingo ni mistari miwili inayofunika urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Anayekaa nje kutwa hurudia kila baada ya saa mbili, jambo ambalo ni ghali kwa mfanyabiashara mdogo, kwa hiyo mwavuli mkubwa juu ya meza na kofia yenye ukingo mpana vitakupunguzia kazi. Joto la karai la kukaangia nalo huzidisha madoa ya mashavuni. Simama kando yake, usiinamie.

Swali: Seramu yangu ya vitamini C ilikuwa kama maji nilipoinunua. Baada ya miezi mitatu imegeuka rangi ya chai ya rangi. Naishi Nyalenda na chumba kina joto. Naweza kuendelea nayo? — S.W., Kisumu

Jibu: Itupe. Ikiwa ya manjano hafifu ingevumilika, lakini hudhurungi ni alama kwamba asidi ya askobiki imeshaoksidika na haikufaidii. Inaweza pia kuipaka ngozi rangi hiyo kwa muda. Joto, mwanga na hewa ndivyo vinavyoiharibu. Nunua chupa ndogo yenye kioo cheusi, uifunge mara tu unapomaliza, na uiweke friji ya jirani ukikubaliwa, au ndani ya sanduku la nguo lililo mbali na dirisha na bati.